Mji wa Unguja kwa Macho ya Mtu wa Bara

Watu wengi wa bara ya Kenya wameujua mji wa Unguja kabla ya kuuona. Waliujua darasani. Kiswahili tulichofundishwa katika shule za misheni, kile ambacho mwalimu alitusahihishia kwa wino mwekundu, hakikuwa cha Mombasa kilicho karibu nasi, bali cha Unguja. Mwaka 1928 wajumbe wa Kenya, Tanganyika, Uganda na Unguja walikutana Mombasa kushauriana juu ya lugha, na shauri lililokubaliwa ni kwamba Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Wenyeji wa Mombasa hawakulipenda sana jambo hilo, na wako wasiolipenda hata leo. Basi mtu wa bara anapokwenda Unguja huwa kama mwanafunzi anayekwenda kumwona mwenye kitabu.

Tena kuna jambo la pili linalotufunga na kisiwa hicho. Tangu mwaka 1895 ukanda wa pwani yetu, wenye upana wa maili kumi, uliendeshwa na Waingereza kwa mapatano na Sultani wa Unguja, nao walimlipa kodi ya pauni 11,000 kila mwaka. Bendera nyekundu ya Sultani ilipepea juu ya Fort Jesus mjini Mombasa, na mambo hayo hayakumalizika mpaka mwaka 1963, Kenya ilipokaribia kupata uhuru wake. Mimi kazi yangu ni majalada na stakabadhi, kwa hiyo haitamshangaza mtu kwamba nilitamani kuuona mji uliokuwa ukiipokea kodi hiyo. Nilikwenda katika likizo yangu ya mwezi wa Julai mwaka 2022.

Kutoka Mombasa njia ya nchi kavu hupita mpakani Lunga Lunga, ikafuata Tanga, ikashuka mpaka Dar es Salaam. Na kutoka Dar es Salaam meli ziendazo kasi huvuka kwa muda wa saa mbili hivi. Safari ya basi sina la kuieleza, ila kwamba waliotengeneza viti hawakuyakumbuka magoti ya mtu mrefu. Lakini mara meli ilipoutoka mlango wa bandari, upepo wa kusi ukatupiga usoni, abiria waliozoea wakafunga vilemba na mitandio yao, na sisi wageni tukashika vyuma.

Mji huonekana kwanza kama mstari mweupe juu ya maji. Kisha hutokeza minara miwili ya kanisa la Kikatoliki la Mtakatifu Yosefu, ambalo wenyeji huliita kwa wepesi Minara Miwili, na minara ya misikiti, na mapaa ya bati yenye kutu. Zamani kitu cha kwanza kuonekana na baharia kilikuwa mnara wa saa wa Beit al-Ajaib. Mwaka huo niliokwenda, mahali pake palikuwa na pengo na mabati ya kuzuia watu. Mzee mmoja aliyesimama karibu nami ukutani mwa meli alinyosha kidole pale, akasema, "Bwana, ungekuja miaka mitatu nyuma ungeikuta." Hakuongeza neno.

Nyumba hiyo yapasa kuelezwa. Ilijengwa na Sultani Barghash bin Said mwaka 1883, kwa ajili ya sherehe na mapokezi, na watu wakaiita Nyumba ya Maajabu kwa sababu ya taa zake za umeme, jambo lisilokuwa limeonekana bado katika mji huo, na kwa sababu ya lifti yake na nguzo zake za chuma zilizozunguka roshani pande zote. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Waingereza ziliyapiga mizinga majumba ya kifalme katika vita vilivyokwisha kabla ya saa moja kutimia. Jumba la jirani likabomoka; Beit al-Ajaib ikasimama. Ikawa ofisi za serikali kwa miaka mingi, na baadaye makumbusho ya taifa. Mwaka 2012 sehemu ya roshani ikaanguka, nyumba ikafungwa. Na tarehe 25 Desemba 2020, mafundi wakiwa kazini kuikarabati, upande wake wa mbele pamoja na mnara wa saa ukaporomoka, na watu wawili wakapoteza maisha yao. Nyumba iliyostahimili mizinga ya manowari ilishindwa na mvua, chumvi na miaka ya kungojea.

Nilitaka kufahamu kwa nini nyumba za mawe, tena nene kama zile, zianguke. Jawabu nililipewa barazani na fundi mwashi mzee, naye alinieleza kwa utaratibu kama mtu anayemfundisha mwanafunzi. Nyumba za Mji Mkongwe, alisema, hazikujengwa kwa saruji. Ukuta ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa na mchanga, wenye unene wa dhiraa moja na zaidi. Dari na sakafu hulala juu ya boriti za mikoko. Na kwa kuwa mti wa mkoko una urefu wake ambao haupiti, vyumba vyote vya zamani ni vyembamba na virefu, maana upana wa chumba ni urefu wa boriti. Jiwe la matumbawe hunywa maji kama sifongo. Chokaa huliacha lipumue, likalowa wakati wa masika na kukauka wakati wa kaskazi. Lakini paa likivuja na lisizibwe, maji hushuka ndani ya ukuta, ncha za boriti zilizomo ukutani huoza, na siku moja sakafu hushuka pamoja na waliolala juu yake. "Na mtu akija akaupaka ukuta saruji," alisema, "ameufunga mdomo. Maji hayatoki tena. Kwa nje unaona pazuri."

Nilimwuliza kwa nini wenye nyumba hawazibi mapaa. Alicheka. Nyumba moja, alisema, huenda ikawa na warithi ishirini, wengine Muscat, wengine Uingereza, wengine Dar es Salaam. Anayekaa ndani ni mpangaji, au ni shangazi mmoja mjane. Nani atoe fedha ya paa la watu ishirini? Mji huu una mamlaka yake ya hifadhi tangu mwaka 1985, na mwaka 2000 uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, kwa hiyo haibomolewi nyumba wala haijengwi ghorofa bila ruhusa. Ruhusa haikosi, ila haizibi paa. Mwenye fedha akija, mara nyingi ni mwenye hoteli, naye hutengeneza vizuri sana, kwa chokaa na boriti mpya, akaweka kitanda cha nakshi na maua ya asumini. Lakini shangazi mjane huhamia mbali na mjini. Fundi yule mwenyewe anakaa ng'ambo. Niliondoka pale nikiwa sijui nimlaumu nani, na hata sasa sijui.

Vichochoro vyenyewe ndugu msomaji amevisikia. Ni vyembamba hata watu wawili wenye vikapu hupishana kwa ubavu, na jua haliingii ila saa sita. Milango ndiyo fahari ya mji. Ile ya Kiarabu ina kizingiti cha juu kilichonyoka. Ile yenye tao na misumari mikubwa ya shaba ni ya asili ya Kihindi, na husemwa kwamba misumari hiyo kwao Bara Hindi ilikuwa ni kinga ya tembo wa vita. Unguja hakuna tembo. Misumari ilibaki kwa uzuri tu. Nje ya kila mlango kuna baraza ya mawe, na juu ya baraza wamo watu. Mtu wa bara ajifunze kusalimu kila baraza apitayo, si kwa harakaharaka kama tunavyofanya Nairobi, bali shikamoo kwa mkubwa, angoje marahaba, aulizwe habari za atokako, naye aulize za hapo. Asiyesalimu huonyeshwa njia kwa kidole. Aliyesalimu husindikizwa mpaka mlangoni.

Sasa nije kwenye chakula, maana najua wasomaji wengine wamekuwa wakikingojea.

Soko kubwa liko Darajani, katika jengo lililofunguliwa mwaka 1904. Humo ndimo Kiswahili changu cha shule kilipopimwa. Niliomba nyanya, mwuzaji akanitazama, kisha akasema, "Aa, tungule!" Viazi vya mviringo huko ni mbatata. Mkate wa kukata vipande ni boflo. Kitunguu saumu ni thomu. Watoto waliopita na mikoba yao hawakuwa wakienda shule, walikuwa wakienda skuli. Kumbe wajumbe wa mwaka 1928 walichukua sarufi ya Unguja, kapu la sokoni wakaliacha! Mwuzaji huyo, kijana asiyezidi miaka ishirini, alinisifu kwamba nasema "kama redio." Sikuweza kufahamu ilikuwa sifa au mzaha, nikanunua tungule nyingi kuliko haja yangu.

Upande wa samaki ni mnada. Changu, pono, kolekole, nguru na jodari hutupwa juu ya saruji iliyolowa, dalali huita bei, na mambo huisha kabla mgeni hajajua nani amenunua. Pweza hupigwa kwa kijiti mpaka alainike. Kwetu bara, ambako samaki maana yake ni wa ziwani au wa mtoni, wako wazee wasioweza hata kumtazama pweza. Mimi nilimla kwa mchuzi wa nazi pamoja na wali, nikaomba tena.

Lakini chakula ambacho ningependa kukieleza kwa urefu ni urojo. Wageni wengi hukiita mchanganyiko wa Unguja, na ni kweli, maana ndani yake mna mambo mengi. Msingi wake ni mchuzi mzito kidogo wa unga, uliotiwa manjano mpaka ukawa na rangi ya jua la jioni, na kufanywa mkali kwa embe mbichi au ndimu. Ndani ya bakuli mwuzaji hutia mbatata za kuchemsha, bajia za kunde au dengu, kachori, vipande vya mishikaki, pengine nusu ya yai. Hukoroga mchuzi juu yake. Kisha hunyunyiza chipsi za muhogo zilizokaangwa nyembamba kama karatasi, na chatini ya nazi, na pilipili kwa kadiri ya ushujaa wako. Ukali, chumvi, uvuguvugu na mlio wa chipsi meno yanapozivunja huja pamoja katika kijiko kimoja. Ukitazama vizuri utaona humo historia yote ya mji: bajia na kachori zimetoka Bara Hindi, muhogo na mbatata asili yake Amerika, nazi ni ya pwani yetu, mishikaki ya watu wa bahari ya kaskazini. Na hakuna anayekila akifikiri hayo, isipokuwa karani mgeni.

Urojo mzuri hauko bustanini. Namaanisha bustani ya Forodhani, mbele ya Ngome Kongwe, iliyotengenezwa upya na kufunguliwa mwaka 2009. Jioni wapishi huwasha taa na mikaa yao, wakapanga meza za samaki wa mishikaki, kamba, ngisi na ndizi, na ile inayoitwa pizza ya Unguja, ambayo si pizza hata kidogo, bali ni unga uliotandazwa mwembamba, ukafungiwa nyama ya kusaga, vitunguu na yai, ukakaangwa. Ni tamu. Maji ya miwa yakikamuliwa pamoja na tangawizi na ndimu ni matamu zaidi. Lakini samaki wengine wa Forodhani hukaa mezani muda mrefu kuliko wenye hoteli, na bei hubadilika kwa kadiri ya lafudhi ya mnunuzi. Mwenyeji wangu alinishauri nitafute urojo pale nitakapoona watoto wa skuli wamepanga foleni, kwa sababu mtoto mwenye fedha kidogo hakosei mahali pa kula. Shauri lake lilikuwa sawa kabisa.

Baada ya chakula ni kahawa. Mwuzaji huipika chungu, bila sukari wala maziwa, katika dele la shaba lililo juu ya makaa, akaimimina katika vikombe vidogo visivyotosha hata mabumba mawili ya mtu wa Murang'a aliyezoea chai. Utamu hutoka katika kashata au halua unayotafuna kando. Katika njia panda moja ya Mji Mkongwe iitwayo Jaws Corner, jina lililotokana na sinema ya papa, wanaume huketi kila jioni juu ya mabaraza, wakinywa kahawa, wakicheza bao na dhumna na kubishana siasa. Mimi, kwa ajili ya ajira yangu, katika siasa ya nchi ya watu nilisikiliza tu.

Asubuhi ya siku ya tatu nilikwenda Mkunazini. Hapo palikuwa na soko la watumwa, na tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash, akisukumwa na balozi wa Uingereza Sir John Kirk, alitia sahihi mkataba wa kulifunga. Siku ya Krismasi ya mwaka huo huo liliwekwa jiwe la msingi la kanisa kuu la Kianglikana juu ya uwanja wenyewe. Aliyelijenga ni Askofu Edward Steere, yule yule aliyetunga kitabu cha sarufi ya Kiswahili na kutafsiri Agano Jipya, naye amezikwa humo nyuma ya madhabahu. Husimuliwa kwamba askofu alisafiri siku chache, na aliporudi akakuta mafundi wamezisimamisha nguzo za karibu na mlango kichwa chini miguu juu. Akaziacha. Ziko hivyo mpaka leo, na kila mgeni huonyeshwa, naye hucheka. Kisha huonyeshwa duara ya marumaru mbele ya madhabahu, mahali ambapo, kwa masimulizi ya wenyeji, palikuwa na mti wa kuchapia watumwa, naye huacha kucheka. Msalaba mmoja wa kanisa hilo umechongwa katika mti wa Chitambo, ulioota juu ya mahali palipozikwa moyo wa Livingstone.

Nje, katika shimo la mawe, kuna sanamu ya watu watano waliofungwa kwa mnyororo shingoni, kazi ya mchongaji wa Sweden Clara Sörnäs ya miaka ya 1990. Wamesimama chini ya usawa wa ardhi, hata mtazamaji huwaangalia kutoka juu kama mnunuzi. Kundi la wanafunzi wa skuli lilifika nilipokuwapo. Mwalimu wao hakuhutubu. Aliwaambia waizunguke mara moja polepole, wasiseme kitu. Nilikumbuka kwamba Kenya nako tuna tawi la habari hii. Watumwa waliokombolewa baharini katika miaka ile waliwekwa na misheni ya CMS katika kijiji cha Frere Town, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, na mahali ilipotundikwa kengele yao pangali pakiitwa Kengeleni. Maelfu ya watu hupita hapo kwa matatu kila asubuhi. Wengi wao walikuwa watu wa Nyasa na wa bara ya mbali, wala hawakurudi kwao tena.

Jina la Kirk nililikuta mara ya pili nisipolitazamia, yaani msituni. Msitu wa Jozani uko kusini mashariki ya mji, yapata kilomita 35, na tangu mwaka 2004 ni hifadhi ya taifa pamoja na ghuba ya Chwaka. Mnyama wake mashuhuri ni kima punju, mwenye mgongo mwekundu, mikono myeusi na nywele nyeupe zilizosimama utosini kama za mzee aliyeamshwa usiku. Wataalamu wa nje walipompa jina walimpa la Kirk. Hana kidole gumba. Asili yake ni kisiwa cha Unguja peke yake, hakuna kwingine duniani, ingawa wachache walipelekwa Pemba katika miaka ya 1970. Hula majani machanga na matunda mabichi, na kwa kuwa baadhi ya majani hayo yana sumu, hula na mkaa! Nilimwona mmoja ameketi penye moto uliozimika, akitafuna kipande cha mkaa kwa utulivu kama mtu anayetafuna muwa, maana mkaa huizuia sumu isimdhuru tumboni. Hesabu iliyotolewa mwaka 2017 ilionyesha kwamba wako zaidi ya 5,800, wengi kuliko ilivyodhaniwa, lakini kwa mnyama asiye na nchi nyingine hiyo si hesabu kubwa.

Neno punju maana yake ni sumu, na jina hilo walimpa wakulima. Waliamini kwamba mti anaoulia hudhurika. Nje ya hifadhi, karibu na Pete, nilizungumza na mkulima mwenye minazi na miembe mpakani mwa msitu. "Mgeni akimwona kima humpiga picha," aliniambia. "Mimi nikimwona namwona na kidaka changu mkononi mwake." Nilimtajia kwamba wataalamu waliochunguza jambo hili, na kuandika habari zake mwaka 1999, waliona kwamba minazi iliyoliwa vidaka na kima haikutoa nazi chache kuliko mingine, mti hupogolewa, basi, na vidaka vilivyobaki hukua vizuri. Alinisikiliza mpaka mwisho kwa adabu. "Huenda wakawa wamesema kweli," alijibu. "Lakini hao wataalamu walilala hapa siku ngapi?"

Hata hivyo yeye mwenyewe alikiri kwamba mambo si kama ya zamani. Sehemu ya ada za wageni hurudishwa vijijini na kwa wakulima wanaoishi na kima. Matuta yaliwekwa barabarani, na tangu hapo kima wanaogongwa na magari wamepungua sana. Anataka kima wabaki. Anachotaka zaidi ni kuulizwa kabla ya mpaka kuwekwa, wala si baadaye. Mimi niliye ofisini najua jinsi mipaka inavyochorwa juu ya karatasi, na nilimwelewa kuliko alivyodhani. Kisha alinionyesha njia ya mbao inayopita juu ya mikoko ya Pete, tukasimama huko maji yakijaa. Mikoko hiyo hiyo ndiyo boriti za nyumba za mji. Mji umekatwa humu.

Juu ya mashamba ya viungo sitaandika mengi, kwa kuwa kila mgeni hupelekwa, na kila mmoja hurudi na kofia ya makuti na mkono wenye harufu ya mdalasini. Wachache huambiwa kwamba karafuu nyingi za Unguja hazitoki Unguja. Mwaka 1872 kimbunga kiliing'oa mikarafuu ya kisiwa hiki, Pemba ikanusurika kwa sehemu kubwa, na tangu hapo Pemba ndiyo yenye karafuu. Fukwe nazo ni nyeupe kama zisemwavyo.

Afadhali nitumie nafasi iliyobaki kwa Ng'ambo. Hapo zamani mkono wa bahari uliutenga mji wa mawe na upande wa pili, walikokaa maskini na waliokuwa watumwa. Maji yalifukiwa zamani, ikabaki barabara, lakini jina halikufukiwa. Wageni wengi huishia barabarani hapo, nao hufanya vibaya, maana wenyeji wengi wako upande wa pili. Majumba marefu ya Michenzani, yaliyojengwa kwa msaada wa Wajerumani wa Mashariki baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964, si mazuri kwa macho, ila yana maji na watu. Na Ng'ambo ndiko ilikokulia sauti ya Siti binti Saad. Alizaliwa Fumba, akauza vyungu mjini, akaja kuwa mwimbaji wa taarabu ambaye mwaka 1928 alikwenda Bombay kuimba katika sahani za santuri, wa kwanza miongoni mwa wanawake wa Afrika ya Mashariki. Kabla yake taarabu ya majumbani mwa Sultani iliimbwa kwa Kiarabu. Yeye aliiimba kwa Kiswahili, akaimba habari za mahakama, za matajiri na za wanawake walioonewa. Usiku wangu wa mwisho niliketi katika ukumbi mdogo wa klabu nikasikiliza mazoezi: qanuni, udi, fidla na akodiani, na mama mmoja mnene aliyeimba akiwa ameketi, bila kuinua mkono. Watu walikwenda mmoja mmoja kumtunza noti. Klabu ya Ikhwani Safaa ilianzishwa mwaka 1905, na kuna vijana wengi wanaojifunza bado. Nyumba zikianguka hujengwa kwa fedha. Sijui muziki kama huo, ukikatika, hujengwa kwa nini.

Kwa atakayependa kwenda, masika huanza Machi mpaka Mei, na vichochoro huwa mito. Juni mpaka Oktoba kuna ubaridi wa kusi. Wapendao ngoma waende Februari, wakati wa tamasha la Sauti za Busara lililoanza mwaka 2004. Mwezi wa Ramadhani mchana hakuna pa kula hadharani, ila jioni hakuna mahali pazuri kuliko Unguja kwa futari. Mavazi yawe ya heshima mjini, viatu viwe vya kuvua kwa urahisi, vitambulisho visisahauliwe, na tiketi ya meli ikatwe mapema sikukuu zinapokaribia, kwa maana siku hizo Dar es Salaam yote huwa inakwenda Unguja.